Dropbox, Google Drive, OneDrive, Backblaze au Syncthing: Mradi wa Muziki Ukae Wapi?

Anayeuliza "niweke wapi miradi yangu mtandaoni" kwa kawaida ameuliza maswali matatu kwa pumzi moja. La kwanza ni akiba: kompyuta ikifa usiku huu, kesho naendelea na nini? La pili ni ushirikiano: mimi na mwenzangu tutafungua vipi mradi uleule bila kukanyagana? La tatu ni makabidhiano: fundi wa masta, anayeukamilisha wimbo kabla haujatoka, azipate vipi WAV zangu (faili za sauti zisizobanwa) zikiwa nzima? Huduma tano zinazolinganishwa hapa hugusa maswali haya kwa viwango tofauti sana, na wengi wanaolalamika kwamba huduma fulani ni mbovu waliipa kazi isiyo yake.

Pima mzigo kwanza

Treki moja ya mono iliyorekodiwa kwa biti 24 na 48 kHz hula baiti 144,000 kwa sekunde, yaani MB 8.64 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye treki 40 za namna hiyo ni takriban GB 1.4, na hapo hujahesabu teki, yaani marudio ya kurekodi, zilizokataliwa. Weka teki tatu kwa kila treki, umeshapita GB 4. Ukirekodi kwa 96 kHz zidisha mara mbili. Ukitumia biti 32 za float, ongeza theluthi.

Sasa upande wa intaneti. Kinachokuhusu ni kasi ya kupakia, siyo ya kupakua ambayo ndiyo hutangazwa kwa herufi kubwa. Kwa Mbps 5 za kupakia unapata MB 0.625 kwa sekunde. GB 1.4 itachukua kama dakika 37, GB 4 karibu saa moja na dakika 50, na maktaba ya TB 1 itachukua siku 18 na nusu bila mapumziko. Fanya hesabu hii kwa namba zako kabla ya kusoma zaidi, maana huduma nzuri kwa mwenye Mbps 50 inaweza kuwa mateso kwa mwenye Mbps 3.

Kosa linaloua mradi kwenye huduma yoyote

Faili ya mradi, iwe .als, .flp, .ptx au .rpp, haina sauti ndani yake. Ina anwani tu: kiki iko folda ile, sauti ya mwimbaji iko diski ile. Ukiipandisha peke yake, mwenzako atafungua na kukuta orodha ndefu ya sampo (vipande vya sauti) zilizopotea, hata kama huduma ilifanya kazi yake kikamilifu. Kwa hiyo kusanya kila kitu ndani ya folda moja kwanza:

- Ableton Live: "Collect All and Save".
- FL Studio: File, Export, kisha "Zipped loop package".
- Logic Pro: File, Project Management, kisha "Consolidate".
- Pro Tools: "Save Copy In", ukiweka tiki kwenye faili zote za sauti.
- Reaper: "Save project as", ukiweka tiki kwenye "Copy all media into project directory".

Plagini, yaani programu za nyongeza za ala na efekti, hazimo kwenye mkusanyo huo. Treki inayotegemea sinthesaiza ambayo mwenzako hana igeuze kuwa WAV na uiache pembeni ya ile ya MIDI (yenye maelekezo ya noti, siyo sauti). Fanya hivyo pia kwa akiba yako mwenyewe, kwa sababu plagini unayoitegemea leo inaweza isifunguke kwenye kompyuta ya miaka sita ijayo.

Vigezo

Kila huduma imepimwa kwa mambo matano. Inapakia nini unapobadilisha kitu? Inakumbuka matoleo ya nyuma kwa muda gani? Mwenzako anapataje kazi, na nafasi ya nani inaliwa? Panauma wapi kwenye muziki hasa? Inamfaa nani? Bei haimo, kwa kuwa hubadilika na hutofautiana kwa nchi. Ukubwa wa nafasi umetajwa pale unapoathiri uamuzi.

Neno moja kuhusu sifa inayopigiwa debe mno: kupakia sehemu iliyobadilika tu badala ya faili nzima. Inavutia masikioni, ila kwenye sauti haina uzito unaodhaniwa. Teki mpya ni faili mpya, lazima ipande yote. Miksi uliyoishusha desibeli moja na kuitoa upya imebadilika kila sampuli, kwa hiyo nayo inapanda yote. Ukikata sekunde mbili za mwanzo wa WAV, kila kilichofuata kimesogea, na vipande vilivyokatwa kwa ukubwa maalumu havilingani tena na vya zamani. Faida yake ipo kwenye faili kubwa ambayo sehemu yake ndogo tu ndiyo huguswa, na faili za aina hiyo ni chache kwenye mradi wa kawaida.

Dropbox

*Mabadiliko.* Hukata faili katika vipande vya MB 4 na kupakia vile isivyokuwa navyo. Faida kubwa kwa mwanamuziki iko hapa: ukihamisha folda, ukibadilisha jina, au ukihifadhi mradi kama toleo jipya lenye nakala za WAV zilezile, inatambua kwamba vipande hivyo inavyo na haivipakii tena. Kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani hupeana faili moja kwa moja bila kungoja zishuke kutoka kwenye seva.

*Kumbukumbu.* Siku 30 kwa akaunti ya bure na ya Plus. Mipango ya kitaalamu na ya timu hufika siku 180 au zaidi.

*Kushirikiana.* Hapa watu hunaswa. Folda mnayoishiriki huhesabiwa kwenye nafasi ya kila mmoja wenu. Ukiwa na TB 2 na mwenzako ana akaunti ya bure ya GB 2, folda ya GB 4 haimwingii. Mpe kiungo apakue, au naye alipie. Kwa maoni ya miksi kuna Dropbox Replay, inayomruhusu msikilizaji kuandika maoni kwenye sekunde husika badala ya kukuletea "pale katikati kuna kitu hakijakaa sawa".

*Panapouma.* Watu wawili wakifungua mradi mmoja na kila mmoja akahifadhi, Dropbox haiunganishi kazi zao. Inatengeneza faili ya pili yenye maneno "conflicted copy". Hakuna kilichopotea, ila mtakaa kusikiliza matoleo mawili na kuamua lipi ni lipi. Akaunti ya bure pia haizidi vifaa vitatu.

*Inamfaa* anayehamahama kati ya kompyuta mbili, na timu ndogo ambayo kila mtu yuko tayari kuwa na mpango wake wa kulipia.

Google Drive

*Mabadiliko.* Kwa miaka mingi faili ikiguswa ilipanda upya yote; tangu 2025 programu yake ya kompyuta hupakia sehemu zilizobadilika za faili kubwa. Kama ilivyoelezwa juu, kwa WAV hilo halibadilishi mengi. Linasaidia kwenye faili nzito zinazohifadhiwa mara kwa mara.

*Kumbukumbu.* Matoleo ya zamani ya faili hukaa siku 30 au matoleo 100, kisha huondolewa. Toleo la muhimu, tuseme miksi iliyokubaliwa na mteja, liwekee alama ya "Keep forever" kwenye orodha ya matoleo. Takataka nazo husafishwa baada ya siku 30.

*Kushirikiana.* Nafasi inayoliwa ni ya mwenye faili peke yake, na hiyo ndiyo sababu nzito ya kuichagua mnapokuwa wengi wenye akaunti za bure. GB 15 za bure zinagawanywa na Gmail na picha zako, basi angalia kilichobaki halisi. Kumbuka kinyume chake pia: faili alizopandisha mwenzako ndani ya folda yako ni mali yake, akizifuta zinaondoka.

*Panapouma.* Mahali pawili. La kwanza ni kupakua folda kupitia kivinjari. Drive huifunga kwa zip, na folda ikiwa kubwa huigawa katika zip kadhaa za takriban GB 2. Kila zip hubeba sehemu tu ya folda, na WAV nzito inaweza kushuka peke yake nje ya zip zote. Mtu akifungua zip ya kwanza tu ataapa kwamba hukumtumia besi. Dawa ni kufungua zote mahali pamoja, kuruhusu folda zenye jina moja ziungane, kisha kuhesabu faili. La pili ni kwamba Drive inaruhusu faili mbili zenye jina lilelile ndani ya folda moja. "Vokali_01.wav" ikipandishwa mara mbili, mnaweza kuwa na mbili, na ile mpya hamuijui bila kutazama tarehe.

Programu yake ya kompyuta ina njia mbili: kutiririsha na kuakisi. Kwa miradi unayoifanyia kazi chagua kuakisi, ili faili ziwe kwenye diski yako kweli. Ukitiririsha, programu ya kurekodia inaomba sampo ambayo bado iko winguni, na uchezaji unakwama hadi ishuke.

*Inamfaa* kundi lenye watu wengi wanaopokea zaidi kuliko kuhariri, na yeyote anayefanya kazi na wateja ambao tayari wana akaunti ya Google.

OneDrive

*Mabadiliko.* Hupakia sehemu zilizobadilika, kwa aina zote za faili.

*Kumbukumbu.* Akaunti binafsi hutunza matoleo 25 ya mwisho ya faili. Wenye Microsoft 365 wanaweza kurudisha OneDrive nzima hadi hali yake ya siku yoyote ndani ya siku 30 zilizopita, jambo linalookoa pale folda nzima inapoharibiwa na virusi au mkono mzito.

*Kushirikiana.* Nafasi ni ya mwenye folda. Bure ni GB 5, kiasi kinachotosha wimbo mmoja tu. Microsoft 365 Personal huja na TB 1, na mpango wa familia hutoa TB 1 kwa kila mtu hadi watu sita.

*Panapouma.* Kwenye Windows, OneDrive hupenda kuichukua folda ya Documents na kuihamishia kwake. Sasa, Ableton huweka User Library ndani ya Documents, na FL Studio huweka humo folda yake ya Image-Line yenye miradi na mipangilio. Ukibofya "ndiyo" siku ya kwanza bila kusoma, maktaba yako yote inaanza kupanda, GB 5 zinajaa, na baadaye diski ikibanwa baadhi ya sampo hubaki kama vivuli vyenye alama ya wingu. Bofya kulia folda ya miradi na uchague "Always keep on this device", au zima kabisa uhifadhi wa Documents na uiweke miradi pengine.

Majina nayo. OneDrive haikubali alama hizi: " * : < > ? / \ |. Treki iliyopewa jina "Gita kiitikio?" kwenye Mac inaweza kugoma kupanda. Njia nzima ya faili, folda zote zikijumlishwa, isizidi herufi 400, na mradi wenye folda ndani ya folda ndani ya folda unaweza kufika huko.

*Inamfaa* mwenye Windows ambaye tayari analipia Microsoft 365 kwa shughuli nyingine, mradi aidhibiti hiyo Documents.

Backblaze

Hii ni ya aina nyingine. Dropbox, Drive na OneDrive husawazisha: ukifuta hapa, panafutika na kule. Backblaze huchukua nakala upande mmoja tu, kutoka kwenye kompyuta yako kwenda kwao.

*Mabadiliko.* Huendesha kazi nyuma ya pazia na kupeleka kilichobadilika. Nafasi haina kikomo kwa kompyuta moja, pamoja na diski za nje zilizochomekwa. Diski za mtandao haizichukui, na programu yake ni ya Windows na Mac tu.

*Kumbukumbu.* Unachagua siku 30 au mwaka 1, na ipo ya kudumu kwa malipo ya ziada. Chagua mwaka. Ukiacha siku 30, diski ya nje ambayo haijachomekwa kwa siku 30 huhesabiwa kuwa imefutwa, na nakala yake huondoka. Watu hurekodi albamu kwenye diski, wakaitia kabatini, na kudhani wingu linaikumbuka.

*Kushirikiana.* Usiinunue kwa ajili hiyo.

*Panapouma.* Upakiaji wa mwanzo ni wa siku au majuma, kama hesabu ya TB 1 ilivyoonyesha. Kurudisha pia ni kazi: unapakua zip, au unaagiza utumiwe diski yenye data. Pitia orodha ya folda na aina za faili inazoziacha kando kwa chaguo-msingi, usije ukagundua baada ya ajali kwamba kitu fulani hakikuwahi kwenda. Ukiweka ufunguo wako binafsi wa usimbaji, uuandike mahali salama nje ya kompyuta hiyo. Ukipotea, hakuna wa kukufungulia. Na faili iliyoachwa kuwa ya wingu tu na huduma nyingine haipo kwenye diski, kwa hiyo usitarajie Backblaze iwe nayo.

*Inamfaa* mwenye maktaba kubwa kwenye kompyuta moja anayetaka kulala usingizi.

Syncthing

*Mabadiliko.* Programu huria ya bure inayopeleka vipande vilivyobadilika kutoka kompyuta hadi kompyuta. Hakuna seva ya kuhifadhia, hakuna akaunti, hakuna kikomo ila ukubwa wa diski zenu.

*Kumbukumbu.* Haina, mpaka uiwashe. Uhifadhi wa matoleo huwa umezimwa unapoisakinisha. Fungua mipangilio ya folda, uchague "Staggered", na ufanye hivyo kwenye kompyuta zote mbili, kwa kuwa kila moja hutunza matoleo ya mabadiliko yaliyotoka upande wa pili tu.

*Kushirikiana.* Mnabadilishana vitambulisho vya vifaa, mnakubaliana folda, basi. Sharti ni moja na ni zito: kompyuta zote mbili ziwe zinawaka kwa wakati mmoja. Mwenzako akizima saa tatu usiku na wewe ukiwasha saa nne, hakuna kitakachosogea. Kompyuta ya zamani inayoachwa ikiwaka muda wote huziba pengo hilo.

*Panapouma.* Mgongano wa matoleo huzaa faili yenye "sync-conflict" katika jina. Kwenye faili ya .stignore unaweza kuzuia vitu vinavyojitengeneza upya, kama *.reapeaks za Reaper na WaveCache.wfm ya Pro Tools. Watu huongeza na *.asd za Ableton. Hizo ziangalie kwa makini, kwa sababu zinaweza kubeba mpangilio wa "warp" (kunyoosha sauti ifuate kasi ya wimbo) uliouhifadhi kwa sampo fulani.

*Inamfaa* asiyeogopa mipangilio, mwenye diski za kutosha, au asiyetaka wimbo ambao haujatoka ukae kwenye seva ya mtu.

Vipi kuhusu WeTransfer?

Ni ya makabidhiano tu. Viungo vya bure hufa baada ya siku chache, basi kile ulichotuma kiwe na asili yake kwingine. Vilevile usipitishe stemu, yaani sehemu za wimbo zilizotolewa kila moja peke yake, kama ujumbe wa sauti kwenye programu za gumzo. Hubanwa, na kinachofika si ulichotoa.

Kanuni za kufanyia kazi ndani ya folda inayosawazishwa

Usirekodi huku usawazishaji ukiendelea. Programu ya kurekodia inaandika faili, huduma nayo inataka kuisoma, diski inagawana nguvu, na matokeo yake ni mikatiko au ujumbe kwamba faili inatumika. Simamisha usawazishaji, rekodi, hifadhi, funga mradi, kisha uruhusu. Subiri alama ya kukamilika kabla ya kufunga laptop. Faili ya mradi huwa ndogo na hutangulia kufika, WAV zikiwa bado njiani, na mwenzako akifungua wakati huo ataona mapengo.

Mkiwa wawili, anayeshika mradi ahifadhi jina jipya lenye namba na herufi zake, mfano "Alfajiri_v07_JM", kisha aseme kwenye gumzo kwamba ameushika. Ni njia ya kizamani, na inashinda kila teknolojia ya kuzuia migongano.

Kwa hali yako

Uko peke yako, laptop moja, miradi chini ya GB 15: Google Drive ya bure ikiakisi folda moja, pamoja na diski ya nje unayoinakili kila wiki kisha kuichomoa.

Uko peke yako na TB kadhaa za vipindi vya zamani: Backblaze kwa vyote, na huduma ndogo ya kusawazisha kwa nyimbo mbili tatu zinazoendelea. Kasi yako ya kupakia ikiwa chini ya Mbps 3, anza na folda za miradi tu, maktaba za sampo unazoweza kupakua upya ziache nje.

Mnahariri wawili kwa zamu, intaneti nzuri, kila mmoja analipia: Dropbox. Intaneti dhaifu lakini mko mji mmoja: Syncthing, na mara ya kwanza mpelekeane diski mkononi, ili isawazishe tofauti tu.

Prodyuza anayepokea sauti kutoka kwa waimbaji wengi: folda ya Drive kwa kila mradi. Wimbo ukikamilika nakili kila kitu kwenye folda unayoimiliki mwenyewe, kabla mtu hajasafisha akaunti yake.

Unampelekea fundi wa masta: WAV au FLAC ya biti 24 kwa kiungo kimoja, pamoja na maandishi yenye idadi ya faili, biti, kHz na urefu wa wimbo. FLAC hupunguza uzito bila kupoteza kitu, ila haibebi float ya biti 32. Hiyo itume kama WAV.

Vyovyote utakavyochagua, jaribu hivi mwishoni mwa wiki ya kwanza: chukua kompyuta nyingine, shusha mradi mmoja, zima intaneti, ufungue na uucheze mwanzo hadi mwisho. Treki ikikosa sauti, umepata kitu cha kurekebisha ukiwa bado na nakala ya asili mkononi.